Jiwe, Mwamba na Madini: Istilahi za Kutambulishia Mawe ya Kawaida

1. Haja ya istilahi hizi

Neno jiwe ni kongwe na la kawaida mno, hata mtu aweza kudhani kwamba halihitaji maelezo. Mtoto hulijua kabla ya kuanza shule, mwashi hulitumia kila siku, na methali zetu hulitaja bila kulifafanua. Lakini mara neno hilo liingiapo katika fomu ya serikali, katika kitabu cha shule au katika mkataba, hubebeshwa mzigo ambao haliwezi kuuchukua.

Tuchukue mfano wa mkulima wa Mitundu. Kata hiyo iko kusini ya stesheni ya Itigi, katika Wilaya ya Manyoni, mkoani Singida, kandokando ya njia iendayo Rungwa na hatimaye Mbeya. Tuseme mkulima huyo, achimbapo kisima, anakuta mkanda mweupe wenye chembe za manjano zing'arazo. Anakwenda ofisini kuuliza. Yeye asema ameona “jiwe”; karani aandika “madini”; mfasiri ahamishaye taarifa kutoka lugha ya kigeni aandika “mwamba”. Watu watatu wametaja kitu kimoja kwa majina matatu, na kila jina lina matokeo yake. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 hugawa madini katika mafungu: madini ya ujenzi, madini ya viwandani, madini ya nishati, vito, na madini ya metali. Fungu ndilo liamualo aina ya leseni na kiwango cha mrabaha. Jina likikosewa, huenda mtu akauza kwa bei ya kokoto kitu chenye thamani, au akatumia akiba yake yote kuomba leseni ya kitu asichokuwa nacho.

Haja hii imezidi tangu mwaka 2021, sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Maneno ya elimu ya miamba, ambayo zamani yangeweza kuachwa katika lugha ya kigeni kwa hoja kwamba ni ya wataalamu, sasa yanatakiwa katika hati ambazo mwananchi atatia sahihi. Katika makala haya tunakusudia kueleza namna mawe ya kawaida yanavyotambuliwa na yaliyomo ndani yake, na papo hapo kupima maneno yafaayo kuyaelezea. Mifano yetu mingi tumeitoa Mitundu na mkoa wa Singida kwa jumla. Tumechagua hivyo kwa sababu sehemu kubwa ya nchi ile imekaa juu ya kiini kikongwe cha bara letu, ambacho miamba yake ina umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mwalimu wa huko hana haja ya kabati la vielelezo. Vielelezo viko nje ya darasa.

2. Maneno manne ya msingi

Yafaa tuanze na maneno manne ambayo yakichanganywa, mengine yote huchanganyika: madini, mwamba, jiwe na mbale.

Madini, katika elimu hii, ni kitu kigumu cha asili, kisicho na uhai, chenye mchanganyiko maalumu wa elementi na chenye mpangilio maalumu wa atomu. Mpangilio huo ukipata nafasi ya kukua bila kubanwa hujitokeza nje kwa umbo la fuwele. Chumvi ya mezani ni madini: kila fuwele yake ina sodiamu na klorini kwa uwiano ule ule, iwe imetoka Uvinza au pwani. Dhahabu ni madini pia, ingawa ni elementi moja tu.

Neno lenyewe lina historia yenye funzo. Kwa Kiarabu ni umoja, lakini Waswahili walipolipokea waliisikia silabi yake ya kwanza kama kiambishi cha wingi, wakaliweka pamoja na maji, mafuta na maziwa. Hatuwezi kulitolea umoja kwa kuiondoa silabi hiyo, maana litakalobaki ni dini. Basi tusemapo habari ya aina moja tuseme “madini ya aina moja” au “aina ya madini”, na tusijaribu kuunda umoja wa bandia.

Aidha, neno hili hutumika nje ya elimu ya miamba. Watumishi wa afya husema “madini ya chuma” katika chakula, na “chumvi yenye madini joto” ili kuzuia ugonjwa wa tezi la shingo. Matumizi hayo yamekwisha kukita mizizi wala hatuna sababu ya kuyapinga. Mfasiri ajue tu kwamba hapo madini maana yake ni elementi mwili uihitajiyo, si fuwele.

Mwamba ni mkusanyiko wa asili wa madini, aghalabu ya aina kadhaa, uliofanya sehemu ya gamba la dunia. Msomaji wa pwani atakumbuka kwamba kwake mwamba ni kwanza ule ulio baharini, ambao nahodha huuogopa. Wa bara huona jabali juu ya mlima. Maana zote mbili zaingia katika istilahi yetu, kwa kuwa mwamba wa matumbawe nao ni mkusanyiko wa madini. Lakini kwa mtaalamu neno hili halidai ukubwa wala ugumu: hata tabaka laini la udongo wa mfinyanzi huhesabiwa kuwa mwamba.

Jiwe ni kipande cha mwamba au cha madini kinachoweza kushikwa, kubebwa au kuchongwa. Ni neno la umbo na matumizi. Halisemi lolote juu ya kilichomo ndani. Kwa hiyo lafaa katika ujenzi na katika mazungumzo, lakini lisitumiwe peke yake katika hati ambayo yaliyomo ndiyo hoja.

Mbale ni mwamba wenye madini ya thamani kwa kiasi cha kufaa kuchimbwa. Kamusi za zamani zina pia neno mtapo kwa maana iliyo karibu na hiyo. Tunapendelea mbale kwa kuwa wachimbaji wenyewe hulitumia. Jambo la kukumbuka ni kwamba mbale ni hukumu ya uchumi. Mwamba ule ule waweza kuwa mbale mwaka huu na kuwa kifusi mwaka ujao, bei ya dhahabu ikishuka.

3. Makundi matatu ya miamba

Vitabu vyote vya jiografia hugawa miamba katika makundi matatu kufuatana na jinsi ilivyotokea. Tatizo letu ni wingi wa majina. Kundi la kwanza huitwa na wengine miamba ya moto, na wengine miamba ya volkano, na wengine miamba mgando. La pili huitwa miamba tabaka au miamba mashapo. La tatu huitwa miamba metamofiki, miamba geu au miamba geuzi. Mwanafunzi ahamaye kutoka kitabu kimoja hadi kingine hudhani kwamba makundi yamekuwa manane.

Tupime majina hayo kwa kitu chenyewe. Kundi la kwanza hutokana na uji wa miamba iliyoyeyuka kwa joto la ndani ya dunia, ambao baadaye hupoa na kuganda. Uji huo ukifika juu kwa njia ya volkano hupoa upesi, na fuwele zake huwa ndogo hata jicho halizioni. Basalti ya maeneo ya Kilimanjaro na Rungwe ni ya jinsi hiyo. Ukibaki chini kwa kina cha kilometa kadhaa hupoa polepole mno, na fuwele hukua hata kuonekana waziwazi. Majabali makubwa ya Singida, yale yazungukayo ziwa Singidani, yaliganda namna hiyo ardhini, kisha mmomonyoko wa mamilioni ya miaka ukayafunua. Hayakupata kutoka katika volkano. Basi jina miamba ya volkano ni kosa likitumiwa kwa kundi zima. Moto nao hapa haupo, kwa kuwa hakuna kinachoungua. Kinachounganisha kundi lote ni kuganda, na kwa sababu hiyo miamba mgando ndilo jina lifaalo.

Kundi la pili hutokana na chembe za mchanga, udongo, chumvi au mabaki ya viumbe, zilizotua mahali na kushikamana. Ni kweli kwamba aghalabu hujipanga kwa matabaka, lakini hata baadhi ya miamba ya kundi la tatu ina mistari inayofanana na matabaka, na mwanafunzi akitegemea jina miamba tabaka atapotea. Mashapo, yaani kile kituamacho chini ya chombo, huelezea chanzo chenyewe. Tunapendelea miamba mashapo.

Kundi la tatu ni miamba iliyobadilishwa na joto au mgandamizo bila kuyeyuka. Hapa sarufi yatusaidia kuamua. Umbo geuzi limetokana na kitenzi geuza, nalo hudokeza kitu kigeuzacho vingine. Umbo geu hudokeza kitu kisichotulia, kama tusemapo kigeugeu. Mwamba tunaousema haugeuzi chochote, wala hauendelei kubadilika mkononi mwa mwalimu. Uligeuka zamani ukatulia. Twapendekeza basi miamba mgeuko, kwa mfano ule ule wa miamba mgando. Mwamba wa chokaa ukigeuka huwa marumaru. Mwamba wa mchanga ukigeuka huwa kwatsaiti. Na itale likigandamizwa sana hufanya naisi, yenye mistari ya weupe na weusi.

4. Ndani ya itale

Kamusi zetu zina neno itale, wingi matale, kwa jiwe lile gumu lenye madoadoa. Wengine hupendelea graniti. Hatuoni ubaya wa graniti katika vitabu vya juu, lakini neno likiwapo tayari, tena fupi, halistahili kuachwa life.

Mtu akivunja kipande cha itale na kukiangalia mahali palipovunjika upya ataona aina tatu za chembe.

Ya kwanza ni chembe za kijivu au zisizo na rangi, zing'arazo kama kioo au mafuta, zisizokuwa na uso ulionyooka. Hiyo ni kwatsi. Imefanywa na atomu moja ya silikoni kwa kila atomu mbili za oksijeni, na mchanganyiko huo huitwa silika. Tumechagua umbo kwatsi makusudi. Umbo kwazi, ambalo baadhi ya wafasiri wamelijaribu, hugongana na jina la ndege mla samaki.

Ya pili ni chembe nyeupe au za rangi ya waridi iliyofifia, zenye nyuso bapa zinazomeremeta jiwe ligeuzwapo juani. Hiyo ni feldispa, ambayo ina aluminiamu, silikoni na oksijeni, pamoja na potasiamu, sodiamu au kalsiamu. Ndiyo madini yaliyo mengi kuliko yote katika gamba la dunia. Feldispa haidumu: maji ya mvua huila polepole na kuigeuza kuwa udongo wa mfinyanzi. Udongo mweupe wa Pugu, karibu na Dar es Salaam, ni wa asili hiyo. Mwanamke afinyangaye chungu ashika mikononi mwake feldispa iliyozeeka.

Ya tatu ni vipande vyembamba vyeusi au vya rangi ya fedha, vibandukavyo kwa ncha ya kisu kama kurasa za kitabu. Hiyo ni ulanga. Hapa lugha yetu haina haja ya kukopa. Neno lipo na madini hayo yalichimbwa Uluguru tangu wakati wa ukoloni.

Kwa jumla, kiasi cha asilimia 70 ya uzito wa itale ni silika, na katika basalti ni kiasi cha asilimia 50. Tofauti hiyo ndiyo ifanyayo itale kuwa jeupe na jepesi kidogo, na basalti kuwa nyeusi na nzito.

Kwa nini mtumishi wa serikali ajali habari hizi? Kwa sababu vumbi la silika huua. Mchimbaji asagaye mkanda wa kwatsi ukiwa mkavu huvuta chembe ndogo sana ambazo mapafu hayawezi kuzitoa. Baada ya miaka mapafu huota makovu, na ugonjwa huo mara nyingi hudhaniwa kuwa kifua kikuu, nao kwa kweli huongeza hatari ya kukipata. Tangazo lisemalo “jihadhari na vumbi” halimwambii mtu lolote jipya, maana vumbi liko kila mahali. Tangazo lisemalo “vumbi la kwatsi huharibu mapafu, lowesha mawe kabla ya kusaga” limefanya kazi yake.

5. Vipimo sita na majina yake

Madini hutambuliwa kwa vipimo rahisi ambavyo shule yoyote yaweza kuvifanya. Rangi peke yake haitoshi. Kwatsi yaweza kuwa nyeupe, ya waridi, ya zambarau au ya moshi, na bado ni kwatsi.

Cha kwanza ni ugumu. Mwaka 1812 Friedrich Mohs alipanga madini kumi, kila moja likiweza kulikwaruza lile lililolitangulia: talki 1, jasi 2, kalsaiti 3, floraiti 4, apataiti 5, feldispa 6, kwatsi 7, topazi 8, korandamu 9 na almasi 10. Ukucha wa mtu una kiasi cha 2.5, na kisu cha kawaida kiasi cha 5.5. Hivyo jasi hukwaruzika kwa ukucha, kalsaiti kwa kisu tu, na kwatsi hushinda vyote viwili. Ugumu hapa ni uwezo wa kukataa kukwaruzwa. Usichanganywe na uimara, ambao ni uwezo wa kukataa kuvunjika. Almasi ni ngumu kupita madini yote ya kawaida, lakini nyundo huivunja vipande. Waliopata kuambiwa kwamba almasi ya kweli haivunjiki kwa nyundo waliharibu mali kwa sababu ya neno moja lililofasiriwa vibaya.

Cha pili ni rangi ya unga, yaani rangi iachwayo na madini yakisuguliwa juu ya upande usiong'arishwa wa kigae cheupe. Hematiti, ambayo ni oksidi ya chuma, yaweza kuonekana nyeusi, lakini unga wake ni mwekundu kama damu iliyokauka. Majina mengine ya kipimo hiki yamependekezwa, lakini hili hujieleza lenyewe.

Cha tatu ni mng'aro: wa metali, wa kioo, wa lulu, wa mafuta, au wa udongo.

Cha nne ni mpasuko, yaani desturi ya madini kugawanyika kwa nyuso bapa zilizo maalumu. Ulanga una mpasuko wa upande mmoja. Feldispa ina wa pande mbili zikutanazo karibu kwa pembe mraba. Kwatsi haina mpasuko. Huvunjika ovyo, kwa nyuso zilizobonyea kama za chupa. Hilo tuliite mvunjiko. Maneno haya mawili yatenganishwe daima.

Cha tano ni densiti, yaani uzito ukilinganishwa na maji ya ujazo ule ule. Kwatsi ni 2.65, pairiti ni kiasi cha 5, galena, ambayo ni mbale ya risasi, ni kiasi cha 7.5, dhahabu safi ni 19.3.

Cha sita ni kipimo cha asidi. Siki au maji ya ndimu yakidondoshwa juu ya unga wa kalsaiti hutoa povu, kwa kuwa hewa ya kaboni hutoka. Kwatsi na jasi hazitoi povu.

Turudi kwa mkulima wetu na chembe zake za manjano. Zaweza kuwa vitu vitatu. Zikiwa ulanga uliochakaa, zitabanduka kwa sindano na kuelea majini kabla ya kuzama. Zikiwa pairiti, ambayo ni chuma na salfa, hazitakwaruzika kwa kisu, zitapondeka kwa nyundo, na unga wake utakuwa mweusi wenye ukijani. Zikiwa dhahabu, zitabonyea bila kuvunjika, zitakwaruzika kwa urahisi, na unga wake utabaki wa manjano. Vipimo hivyo vyahitaji sindano, kisu, nyundo na kigae. Kwa kipimo cha kiasi kilichomo ndani ya mwamba itabidi maabara. Lakini swali la kwanza la mwananchi laweza kujibiwa papo hapo, ikiwa tu lugha ya kulijibia ipo.

Wala swali hilo si la dhihaka katika mkoa ule. Sekenke, wilayani Iramba, palichimbwa dhahabu tangu enzi ya Wajerumani, na mwaka 1916 dhahabu ya huko ilitumiwa kupiga sarafu za rupia 15 mjini Tabora, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

6. Majina yenye mitego

Chokaa. Neno hili hubeba vitu vitatu. Kuna mwamba wa chokaa, ambao ni kabonati ya kalsiamu na hauna madhara. Ukichomwa katika tanuri kwa joto la nyuzi 900 hivi hutoa hewa ya kaboni na kuacha oksidi ya kalsiamu. Hii tuiite chokaa kali, maana ikikutana na maji huchemka, na hupofusha macho. Ikiisha kutiwa maji huwa chokaa iliyozimwa, ambayo hupakwa ukutani. Mwongozo wa shule au wa ujenzi uandikao “chokaa” tupu huacha mlango wazi kwa ajali.

Jasi. Ni salfeti ya kalsiamu yenye maji ndani yake, nayo huchimbwa katika eneo la Itigi. Viwanda vya saruji huichanganya kidogo ili saruji isigande upesi mno. Jasi hufanana na mwamba wa chokaa machoni, na wauzaji wasio waangalifu hupeleka kimoja badala ya kingine. Ukucha na siki hutatua shauri: jasi hukwaruzika kwa ukucha na haitoi povu.

Saruji. Ipo miamba mashapo iliyopewa jina na wanajiolojia wa zamani kutokana na Kilimatinde, karibu na Manyoni, na neno la kigeni walilolitumia ni lile lile litumiwalo kwa saruji ya dukani. Mfasiri asiyejua ataandika “saruji ya Kilimatinde”, na msomaji atatafuta kiwanda. Kinachokusudiwa ni mchanga na udongo ulioshikamanishwa na silika. Kwa kitu kishikamanishacho chembe za mwamba tunapendekeza neno kishikizo, na saruji tuwaachie waashi.

Marumaru. Ni mwamba wa chokaa uliogeuka. Madukani, hata hivyo, marumaru sasa ni vigae vya sakafuni vilivyochomwa kiwandani. Hatuwezi kuwazuia wafanyabiashara, lakini katika zabuni ya serikali iandikwe “marumaru ya asili” au “vigae”, kwa kuwa tofauti ya bei ni kubwa.

Kinywe. Hiki ni kaboni laini, chenye kupaka weusi, kipatikanacho kwa wingi Mahenge. Almasi nayo ni kaboni tupu. Tofauti ya 1 na 10 katika kipimo cha ugumu imetokana na mpangilio wa atomu peke yake. Mfano huu wafaa sana darasani, kwa kuwa huonyesha kwa nini tumeutia mpangilio katika fasili ya madini.

Tanzanaiti. Hili ni jina la biashara, lililotolewa mwaka 1968 na duka la Tiffany la New York, baada ya kito hicho kugunduliwa Mererani mwaka 1967. Jina la madini yenyewe ni zoisaiti. Majina yote mawili ni sahihi mahali pake: la kwanza sokoni, la pili katika orodha ya madini.

7. Lugha ya machimboni

Wako wanaodhani kwamba istilahi huzaliwa mezani. Wachimbaji wadogo wameunda lugha kamili bila kusubiri kamati. Shimo la kuchimbia huliita duara. Mwamba mwembamba wenye dhahabu, mkanda. Mashine ya kusagia, karasha. Mahali pa kuoshea, mwalo. Kazi ya kutenga dhahabu, kuchenjua. Na mabaki yaliyokwisha kuchenjuliwa, marudio. Maneno hayo yana sifa tatu tuzitafutazo: ni mafupi, yananyambulika, na yana watu wayatumiao. Mwaka 2017 neno makinikia lilitoka katika nyaraka za wataalamu likaenea nchi nzima kwa muda mfupi, kwa sababu taifa zima lilikuwa na jambo la kulisemea. Tujifunze hapo kwamba neno zuri halienei kwa uzuri wake, huenea linapohitajiwa.

8. Mapendekezo

Tumefuata kanuni nne. Kwanza, neno lililopo litangulie neno la kukopa: ulanga, jasi, itale, kinywe. Pili, neno la wachimbaji litangulie neno la kubuni. Tatu, neno la kubuni lieleze kitu chenyewe na likubaliane na sarufi, kama mgeuko. Nne, majina ya madini yaliyo ya kimataifa yakopwe kwa sauti za Kiswahili, na tusijitaabishe kuyatafutia tafsiri.

Istilahi tunazoziweka mbele ya wasomaji ni hizi:

Madini: kitu kigumu cha asili chenye mchanganyiko na mpangilio maalumu.
Mwamba: mkusanyiko wa asili wa madini katika gamba la dunia.
Jiwe: kipande cha mwamba au cha madini.
Mbale: mwamba wenye faida kuchimbwa.
Miamba mgando: iliyotokana na kuganda kwa uji wa miamba.
Miamba mashapo: iliyotokana na chembe zilizotua.
Miamba mgeuko: iliyobadilishwa kwa joto au mgandamizo bila kuyeyuka.
Fuwele: umbo la nje la mpangilio wa atomu.
Ugumu: ukinzani wa kukwaruzwa.
Uimara: ukinzani wa kuvunjwa.
Rangi ya unga: rangi ya madini yaliyosuguliwa kigaeni.
Mng'aro: namna uso wa madini urudishavyo mwanga.
Mpasuko: kugawanyika kwa nyuso bapa maalumu.
Mvunjiko: kugawanyika kusikofuata nyuso maalumu.
Kishikizo: kitu kiunganishacho chembe za mwamba.
Chokaa kali: oksidi ya kalsiamu.
Chokaa iliyozimwa: chokaa kali iliyokwisha kutiwa maji.

Haya ni mapendekezo ya kujadiliwa, hayajasanifishwa. Walimu wa jiografia na kemia wayajaribu darasani, wafasiri wayapime katika hati zao, na maofisa wa madini wayapeleke machimboni wasikie yanavyopokewa. Neno litakalokataliwa na wachimbaji wa Itigi au wa Iramba, tungependa tulijue mapema, pamoja na neno wanalolitumia wao mahali pake.